Ajenti anasema niingie Thailand na viza ya utalii, kibali nitapata hukohuko. Niende?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, mwalimu wa sekondari mwenye digrii ya ualimu. Kwa ufupi anauliza hivi: "Kaka, nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand kupitia ajenti, mshahara baht 35,000 (hela ya Thailand) kwa mwezi. Anataka dola 1,200, anasema niingie na viza ya utalii mwezi wa nne, kibali cha kazi kitatengenezwa nikishafika. Ni salama? Na maisha huko yakoje kwa mtu mweusi, nibebe hela kiasi gani?"

Mdogo wangu, nianze na jibu lenyewe usije ukachoka njiani: kwa mpango huo usipande ndege. Sisemi Thailand usije, hapana, mimi mwenyewe niko huku tangu 2014 na sijutii, na walimu kutoka kwetu na Kenya na Uganda wapo wengi tu wanaishi vizuri. Nasema kwa mpango HUO. Na sababu naijua kwa mwili wangu maana mi nilikuja hivohivo, viza ya utalii mkononi na ahadi ya ajenti mfukoni, nikafundisha miezi minne bila kibali. Siku moja wakaja maofisa kukagua shule, mimi nikaingizwa stoo ya jikoni nikakaa na magunia ya mchele karibu masaa mawili, mtu mzima na tai yangu shingoni. Watoto wangu wa darasa la tatu wanapita nje wananiita "kru! kru!", yaani mwalimu, mwalimu, wanadhani tunacheza kombolela. Siku ile ndo nilielewa kwamba shule haikuwa na haraka yoyote ya kunitengenezea karatasi, maana bila karatasi nilikuwa mwalimu wa bei rahisi asiyeweza kudai kitu.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe. Kufanya kazi Thailand bila kibali, adhabu yake ni faini kuanzia baht 5,000 mpaka 50,000, unarudishwa kwenu, na hupewi kibali kingine kwa miaka miwili. Angalia vizuri hapo anayeadhibiwa: mwajiri naye ana faini yake ndiyo, lakini anayepandishwa ndege ni wewe.

Njia ya halali ni viza inaitwa Non-Immigrant B, watu wote huku wanasema Non-B tu. Unaiomba ukiwa bado nyumbani, na tangu Januari 2025 maombi ya viza za Thailand ni kwa mtandao dunia nzima, kwa sisi Watanzania yanapitia ubalozi wao wa Nairobi. Shule inatakiwa ikutumie barua ya ajira, nakala za usajili wake, na barua kutoka mamlaka ya elimu inayoisimamia. Non-B ya mwanzo ni siku 90, ndani ya hizo siku shule inakamilisha kibali cha kazi (zamani kilikuwa kitabu kidogo cha bluu, sasa wanahamia kidijitali), halafu uhamiaji wanakuongezea muda mpaka mwaka. Ajenti wako hajadanganya mia kwa mia, ni kweli viza ya utalii inaweza kubadilishwa kuwa Non-B ukiwa ndani, ada yake baht 2,000, lakini shule iwe na karatasi zote tayari na wewe uwe bado una siku za kutosha kwenye muhuri wako wa kuingia nchini, zisiwe chini ya 15 na ofisi nyingine zinataka zaidi. Sasa jiulize, kama shule ina karatasi zote tayari kwanini isikutumie huko huko Morogoro? Hapo ndo penyewe. Muulize hilo swali moja tu ajenti wako, kisha sikiliza anavyojibu.

Kuna na kitu kingine kimenishtua kwenye maelezo yako, huo mwezi wa nne. Mwezi wa nne shule za Thailand zimefungwa! Muhula wa kwanza unaanza katikati ya mwezi wa tano mpaka mwishoni mwa wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi, wa pili unaanza kwenye mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Aprili ni joto la kufa mtu na sikukuu ya Songkran, tarehe 13 mpaka 15, nchi nzima wanamwagiana maji barabarani. Inawezekana ni kambi ya masomo ya likizo, zipo, lakini basi mkataba useme hivyo na useme baada ya hapo unaenda wapi. Na ukiwa hapohapo kwenye mkataba tafuta kama ni wa miezi 12 au 10, maana walimu wengi wa ajenti hawalipwi Aprili na Oktoba, kwa hiyo baht 35,000 ukiisambaza kwa mwaka inabaki kama 29,000. Watu hawapigi hii hesabu mpaka Aprili ya kwanza iwakute wanakula tambi za pakiti.

Na hiyo dola 1,200, ni ya nini? Ada ya viza haifiki popote karibu na hapo. Ajenti wa kweli huku analipwa na shule, tena anakata juu ya mshahara wako kila mwezi kimyakimya, sasa akuchaji na wewe tena mbele, hapana.

Ngoja nikwambie na lile linaloniogopesha zaidi, na samahani kama nitakutisha. Miaka hii kumekuwa na vijana kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na kwetu pia wanaopewa "kazi Thailand", wanatua Bangkok vizuri kabisa, wanapokelewa na gari, na gari linaelekea magharibi masaa saba, nane, mpaka mji wa Mae Sot, wanavushwa mto Moei usiku, kumbe washaingia Myanmar. Huko kuna majengo yamezungushiwa ukuta, lililovuma sana linaitwa KK Park, mtu ananyang'anywa paspoti na kukalishwa kwenye kompyuta atapeli watu mtandaoni, akikataa anapigwa. Mwezi wa pili 2025 Thailand ikakata umeme wa upande ule na maelfu wakatolewa, Waafrika Mashariki wakiwemo. Matangazo ya hao matapeli mara nyingi siyo ya ualimu, ni huduma kwa wateja, kuingiza data, kutafsiri, mshahara mnono, tiketi ya bure, intavyuu ya dakika kumi kwa WhatsApp. Ya kwako haifanani moja kwa moja, hata hivyo hakikisha. Omba jina la shule kwa maandishi ya Kithai, libandike kwenye ramani ya simu, ona picha, tafuta namba ya simu iliyoko pale (siyo aliyokupa ajenti) upige, sema unataka kuongea na mtu wa kitengo cha Kiingereza. Omba kuongea kwa video na mwalimu mgeni aliyepo sasa hivi. Shule ya kweli haikasiriki. Na ukija, ukapokelewa, ukaona simu inaonyesha mnaelekea Mae Sot au Tak, mkoa wake, na shule yako ilikuwa iwe Nonthaburi, jirani na Bangkok, shuka kituo cha mafuta cha kwanza, vituo vyao vina choo kizuri, duka na watu wengi, piga 191 polisi au 1155 polisi wa watalii, hawa wa 1155 Kiingereza wanaongea. Sisi Watanzania hatuna ubalozi Bangkok, anayehusika na Thailand ni ubalozi wetu wa Kuala Lumpur, namba yake iwe kwenye simu yako na kwa mama yako kabla hujaondoka.

Karatasi za kuandaa nyumbani, hizi anza leo maana za kwetu zinachelewa. Cheti cha digrii halisi na transkripti, zithibitishwe wizara ya mambo ya nje na uulize ubalozi wa Nairobi kama wanataka muhuri wao juu yake. Cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, kile cha alama za vidole. Kwa sababu hatuhesabiwi kama wazawa wa Kiingereza, shule nyingi zitakuomba mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEIC, na kwa TOEIC alama inayotajwa sana ni 600, wewe mwalimu wa sekondari utapita ukiwa na usingizi. Digrii yako ya ualimu ni dhahabu huku, usiichukulie poa! Wazungu wengi wanafundisha na digrii ya masoko, inabidi baraza la walimu, Khurusapha, liwape ruhusa ya muda ya miaka miwili miwili, ila mtu mwenye ualimu kamili ana njia ya kuomba leseni. Kwa hiyo wewe ndo wa kuchagua shule, siyo ajenti akuchagulie.

Na kadi ya njano. Tanzania iko kwenye orodha yao ya homa ya manjano, chanjo iwe na siku 10 kabla ya safari, moja inatosha maisha. Ukishuka Suvarnabhumi, airpoti kubwa ya Bangkok, USIENDE moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji, tafuta kwanza kaunta ya afya, wanaangalia kadi, wanakugongea fomu, ndo unaenda. Kila wiki kuna mtu wetu anasimama foleni saa nzima halafu anarudishwa nyuma kwa sababu ya hicho kimuhuri. Pia kuna fomu ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, ilianza Mei 2025, inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni BURE, ukiona tovuti inakudai hata dola kumi umeingia kwa matapeli.

Ukishafika na viza yako nzuri, mambo ya uhamiaji hayajaisha, huku mgeni anaishi kwa tarehe. Mwenye nyumba anatakiwa akuripoti ndani ya masaa 24 kwa fomu ya TM30, wengi wanasahau au wanajifanya wamesahau, na siku ukienda kuongeza viza unaulizwa wewe, kwa hiyo kabla hujalipa chumba muulize kabisa. Kila siku 90 unaripoti unapoishi, unaruhusiwa siku 15 kabla mpaka 7 baada, ukichelewa baht 2,000. Ukitaka kuja nyumbani Krismasi chukua kibali cha kurudi kabla hujatoka, baht 1,000, ukisahau viza yako inakufa pale pale airpoti, nimeona mtu analia. Kukaa zaidi ya muda ni baht 500 kwa siku mpaka 20,000, na hiyo ni kama umejipeleka mwenyewe airpoti. Wakikukamata mtaani, hata kama zimezidi siku chache, unafungiwa nje ya nchi miaka mitano. Na hili watu hawalijui: viza yako imefungwa kwenye hiyo kazi. Siku ukiacha kazi na ruhusa ya kukaa imeisha siku hiyohiyo, siyo mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usije ukamtupia barua mkuu wa shule kwa hasira Ijumaa jioni, panga kwanza.

Usishangae ukiona tarehe za ajabu kwenye makaratasi yao, wanahesabu miaka ya Kibuddha, inazidi yetu kwa 543, kwa hiyo 2025 kwao ni 2568. Mi mara ya kwanza niliona maziwa yameandikwa yataharibika mwaka 57 nikayaheshimu sana yale maziwa.

Najua utafikiria biashara ya pembeni pia, dada zetu wengi Bangkok wanasuka nywele. Kazi ya nywele na urembo iko kwenye orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi, kama vile kuongoza watalii na kufanya umachinga. Hata kukata vito iko humo, waulize watu wa Arusha wanaoleta tanzanite: kuuza kwa mpangilio wa kampuni sawa, kukaa kwenye mashine ya kukata, hapana. Na kibali chako cha ualimu kinataja shule hiyo, hata kufundisha Jumamosi kwingine bila kuandikisha ofisi ya kazi ni kosa.

Kuhusu rangi, sitakupaka mafuta. Tangazo la kazi litaomba picha, na kuna shule zitaona picha yako halafu kimya. Nyingine zitakwambia bila aibu wazazi wanataka mzungu. Dukani kila losheni ina dawa ya kung'arisha ngozi, soma kopo, au beba yako. Kwenye treni mtu anaweza asikae pembeni yako. Bangkok maeneo ya Nana, Sukhumvit Soi 3, ambako kuna Waafrika na Waarabu wengi na chakula chetu chetu kinapatikana, polisi wanasimamisha watu kuomba paspoti, kwa hiyo tembea na nakala pamoja na picha ya muhuri wa viza kwenye simu, usibishane, toa, tabasamu, ondoka. Upande wa pili ni huu: watoto watakupenda mpaka utachoka, watashika nywele zako, jirani atakuletea embe na wali wa kunata bila sababu, na usiku wa manane utatembea mwenyewe kununua maji bila kushika roho mkononi. Mimi nikipima naona inabaki faida, ila mimi ni mwanaume, kwa hiyo tafuta na dada mmoja aliyeko huku umsikie.

Kinachoangusha wengi wetu siyo rangi bali sauti. Sisi tumezoea ukionewa unasema palepale, tena kwa nguvu, watu wasikie. Huku ukipaza sauti ofisini umeshindwa hata kama una haki, umemvunjia mtu heshima mbele za watu, wenyewe wanaita kupoteza uso, na fomu yako itakaa chini ya rundo mpaka kiama. Ongea taratibu, malizia kila sentensi na "kha" (wewe mwanamke, "krap" ni ya wanaume, usijifunzie Kithai kwa kaka zako), vua viatu mlangoni, usimguse mtu mzima kichwani, usimnyooshee mguu mtu wala sanamu ya Buddha. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa stesheni na kwenye bustani, watu wote wanaganda, ganda na wewe. Na mfalme hatajwi kwa utani. Siyo kwenye kikundi cha WhatsApp, siyo kwa kulike tu posti ya mtu. Kifungu cha 112 ni miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa. Sigara za umeme nazo ni marufuku, usimbebee mtu kwenye begi.

Hela. Shilingi yetu huku hakuna anayeibadilisha, beba dola, noti za mia, mpya zisizo na mikunjo wala maandishi. Chumba wanataka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, mkoani chumba kizuri ni baht 4,000 mpaka 6,000, Bangkok anza na 7,000 kwenda juu, kwa hiyo Bangkok mlango tu unakula 20,000 na zaidi. Uliza umeme unit moja bei gani, apatimenti nyingi zinakuuzia 7 au 8 wakati ya serikali ni kama 4, na utawasha AC mdogo wangu, utawasha. Sahani ya chakula mtaani ni 50 au 60. Mshahara wa kwanza unaweza kuja mwisho wa mwezi wako wa pili kazini. Mimi nasema usije na chini ya dola 1,500 za kwako, mbali na tiketi. Ukipiga hesabu, ndo kama hela ileile anayoitaka ajenti na kachenji kidogo. ATM kwa kadi ya nje wanakata baht 220 au zaidi kila ukitoa, toa nyingi mara moja. Ukipata kibali fungua akaunti, kila mtu huku hata muuza mahindi analipwa kwa kuskani simu.

Pikipiki za abiria zipo, madereva wana vizibao vya rangi ya machungwa, ni bodaboda tu hizi. Wanaendesha kushoto kama kwetu na wanakufa barabarani sana, kwa hiyo usikodi ya kuendesha mwenyewe bila leseni ya pikipiki maana bima ikigundua hailipi hata senti. Bima yenyewe muulize mwajiri kabla ya kusaini, maana hospitali binafsi za huku ni kama hoteli na bili zake ni za hoteli. Gari la wagonjwa ni 1669.

Wali wa kunata unaliwa kwa mkono, unaumega na kuutowea kwenye kuku wa kuchoma, siku ya kwanza utadhani uko Msamvu pale kwenu Morogoro. Unga wa sembe ni shida nje ya Bangkok, weka kilo mbili kwenye begi. Weka na rasta, mafuta ya nywele, na viatu vya darasani kama unavaa namba 41 kwenda juu, za kike hutapata, chagua visivyo na kamba maana utavivua mara ishirini kwa siku. Jina la shule kwa Kithai likija, nitumie nikusomee.